Aliyeujua Mtetemo wa Gari Jeusi

Sikuombi uniamini. Nimeshachekwa Katoro nzima, nimezoea. Ila ujue kwamba haukuwa usiku, sikuwa nimekunywa, wala sikuwa na homa. Ilikuwa saa nane mchana, jua limekaa juu ya bati, na mimi si mtoto kwenye kazi ya ufundi magari.

Gari lilikuwa la Baba Kulwa, mnunuzi wa dhahabu. Jeusi, la kifahari, viti vya ngozi. La mkononi lakini linang'aa. Shida yake ilikuwa moja: ukisimama umekanyaga breki, injini inatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Nilibadilisha plagi. Nikahamisha koili. Nikachomeka kompyuta, ikaniambia gari ni zima. Zima! Na huku usukani unanitikisa mpaka mabegani.

"Kuna fundi aliwahi kulifungua?" nilimuuliza Baba Kulwa.

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza."

Siku ya tatu wenzangu walikwenda kula, nikabaki peke yangu gereji. Akaja mwanaume wa makamo, amevaa ovaroli ya bluu, mfuko wa kifuani umeshonwa kwa kitambaa cha kijani.

"Mwadila, fundi," akanisalimu kwa Kisukuma.

Nikaitikia. Nilidhani anatafuta kibarua. Akaweka kiganja juu ya boneti taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa.

"Washa. Kanyaga breki, weka gia ya D."

Nikatii. Kwa nini nilimtii mtu nisiyemjua? Hata leo sijui.

"Sasa weka N."

Mtetemo ukapungua.

"Plagi umezionea bure," akasema. "Ni mpira unaobeba injini, upande wa kulia. Umepasuka, mafuta ya ndani yamevuja. Zima, ingia chini uangalie. Lakini usiingie na jeki peke yake. Weka magogo."

Niseme ukweli, nilikuwa na tabia ya kuingia na jeki tu. Mafundi wengi tuko hivyo. Nikaona aibu mbele ya mtu anayeijua kazi, nikapanga magogo mawili ya mninga, nikajisukuma chini.

Mpira ulikuwa umepasuka kama alivyosema. Boliti moja haikuwepo kabisa. Na juu ya chuma, mahali ambapo mkono haufiki mpaka ulale chali, kulikuwa na spana namba kumi na saba, imebana, imeshika kutu. Nikaichomoa. Ilikuwa imekwaruzwa jina: LUHENDE.

"Umeiona?" akauliza.

Sauti ilitoka pale pale kando ya tairi. Nikageuza shingo nimwonyeshe. Ndugu yangu, ukiwa chini ya gari unaona miguu ya kila aliyesimama karibu. Niliona vumbi. Niliona kuku anachakura. Miguu sikuiona.

"Boliti ya mwisho sikuiwahi," sauti ikasema.

Hapo jeki ikatoa pumzi, gari likashuka. Likatua juu ya magogo kwa kishindo, chuma kikasimama vidole viwili juu ya pua yangu. Nilitoka nikitambaa, nimejikojolea, sifichi. Nje hapakuwa na mtu.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kazi. Nikaagiza mpira mpya Mwanza, nikaufunga, nikaweka boliti zote. Gari likatulia, usingejua hata kama limewashwa. Baba Kulwa alipokuja kulichukua, nikamwekea ile spana mkononi. Akaisoma. Akaiachia ianguke kama imemuunguza.

"Umeitoa wapi?"

"Alipoiacha mwenyewe."

"Alikuwa mlevi," akasema.

Sikuwa nimemuuliza habari za ulevi. Akaingia garini, akaondoka.

Niliuliza kwa mafundi wa Runzewe, nikampata mmoja aliyemjua Luhende, akanielekeza nyumbani kwa marehemu, Samuye. Nilimkuta mkewe, Mama Shija, anapepeta mtama. Nikamweleza yote, nikampa spana ya mumewe. Hakulia. Aliuliza tu, "Alikuwa amevaa nini?"

Nilipotaja kitambaa cha kijani, akakaa chini.

"Kile nilikishona mimi. Ni kipande cha sketi ya shule ya Shija."

Kumbe mwili uliletwa na Baba Kulwa mwenyewe. Akawaambia kwamba fundi wake alilewa, akagongwa na bodaboda. Akanunua sanda, akatoa pole, watu wakamshukuru. Hakusema kwamba ni gari lake lililomwangukia akiwa chini yake.

"Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa," Mama Shija akasema. "Pombe hakuijua hata harufu. Lakini wazee wenzake walimwamini tajiri. Walikataa kumwombea kaburini, baba. Watoto wangu wanaitwa watoto wa mlevi."

Twende kanisani, nikamwambia. Tukaenda. Wazee walinisikiliza kwa upole, kisha wakasema neno la mzimu hawawezi kulipokea. Kote nilikopeleka habari hii niliulizwa swali lile lile: shahidi wako yuko wapi?

Baba Kulwa naye akatangaza Katoro kwamba mimi ni mchawi, nashirikiana na wafu. Wateja wakahama. Lile gari akaliuza, na liliuzika upesi, kwa sababu halikuwa na tatizo lolote tena. Hilo ndilo linalonichoma. Kitu pekee kilichomsumbua yule bwana tangu Luhende afe kilikuwa mtetemo, na mimi ndiye niliyemwondolea, tena nikafuta na mafuta yaliyodondoka kwenye zulia lake. Leo analala vizuri. Mama Shija halali.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari la mkononi, usidanganywe na ukimya wa injini. Mwambie anayekuuzia akupe namba ya fundi aliyekuwa akilitengeneza. Umpigie, umsikie kwa masikio yako, uhakikishe ni mtu aliye hai. Ukikosa wa kumpigia, rudisha funguo, utembee kwa miguu.

Mimi natembea.