Bwawa Lililogeuka Rangi ya Chai

Iko Ijumaa moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini mpaka leo, ingawa mengine mengi ya ujana wangu nimeyasahau. Asubuhi hiyo nilisimama kando ya bwawa la kuogelea la shule moja ya wasichana, nje kidogo ya Eldoret kwenye barabara ya kwenda mji mdogo wa Ziwa. Maji niliyoyaacha jana yake yakiwa maangavu, vigae vya chini vikionekana kimoja kimoja, yalikuwa yamegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Na aliyeyageuza ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka kwetu Bungoma na cheti cha maabara, nikaandikwa kazi ya kutunza maabara ya kemia. Koti langu jeupe nilikuwa silivui hata nikienda jikoni kuchukua uji. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu aliyependa mambo yanyooke, aliponiuliza kama ninaweza kushughulikia pia dawa ya bwawa, nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kutunza bwawa maishani.

Mwaka huo mvua ilichelewa na maji ya mfereji yakawa ya mgao. Mashindano ya kuogelea ya shule za wilaya yalikuwa yafanyike kwetu wiki iliyofuata, na mkuu wa wilaya alikuwa ameahidi kuja. Basi mwalimu mkuu akaamua bwawa lijazwe kwa maji ya kisima cha shule.

Mtu wa pampu alikuwa Mzee Njoroge. Alikuwa amehama kutoka Mkoa wa Kati miaka mingi nyuma, akanunua kishamba chake huko Soy, na sasa mvi zilikuwa zimemjaa kichwani. Aliniita Mwalimu, ingawa sikuwa mwalimu, nami sikuwahi kumrekebisha.

Alhamisi, bwawa likikaribia kujaa, alinijia akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mwalimu, hii maji iko na chuma," akasema. "Angalia sinki za bweni vile zimekuwa nyekundu. Weka dawa kidogo kwa ndoo kwanza, uone itakuwa namna gani."

Nilicheka. Sikucheka kwa nguvu, lakini alisikia. "Mzee, kama kungekuwa na chuma si tungekiona? Maji yenyewe ni safi."

"Ni safi, ninaona," akajibu, akarudi kwenye pampu yake.

Alasiri ile nilimimina klorini ya bwawa zima. Mwanangu, jambo lenyewe ni rahisi, na nilikuwa nimelisoma. Maji ya kisima hubeba chuma kilichoyeyuka, hukioni kwa macho. Ukitia klorini, chuma hicho hugeuka kutu na rangi ikajitokeza. Kwenye chupa ndogo ya maabara ningekueleza vizuri sana. Kwenye bwawa sikulikumbuka, kwa sababu aliyenikumbusha alikuwa mtu wa pampu.

Ijumaa hiyo mwalimu mkuu alikuja bwawani baada ya gwaride la asubuhi, beji ya chama tawala kifuani. Aliangalia maji kwa muda mrefu, kisha akatutazama sisi wawili, mimi na Mzee Njoroge.

"Nani alifanya nini hapa?" akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo yote. Badala yake nikasema, "Madam, mimi dawa nilipima sawasawa. Labda maji yalipampwa na matope."

Hakuna neno la uongo mtupu hapo ukiyachunguza maneno moja moja. Dawa nilikuwa nimeipima. Labda ni labda tu. Lakini nilijua lile neno linaelekea kwa nani, na nililiacha liende.

Mzee Njoroge hakujitetea. Nafikiri alingoja niongeze kitu, nami nikainamisha macho. Mwalimu mkuu akamwambia aende nyumbani mpaka kamati ya shule ikutane. Mzee akatoa ufunguo wa pampu mfukoni, akauweka juu ya ukuta mdogo wa bwawa, akaondoka kwa miguu bila haraka. Alikuwa na zaidi ya miaka kumi katika kazi ile.

Siku nzima nilijaribu kurekebisha mambo. Niliongeza klorini, maji yakazidi kuwa meusi. Vigae vya pembeni vikaanza kushika madoa ya hudhurungi. Wasichana waliokuwa wamefanya mazoezi tangu muhula uanze walikuja kuchungulia, wakaondoka. Chakula cha jioni sikukigusa.

Jumamosi asubuhi nilidandia lori la maziwa lililokuwa linarudi Soy na mikebe mitupu. Nilimkuta Mzee Njoroge uani akipukuchua mahindi na mkewe. Mama yule alinikaribisha kwa chai kabla hajajua nimefuata nini, na nilipojua kwamba mzee hakuwa amemwambia kitu juu yangu, nilikiweka kikombe chini kabla sijanywa.

"Mzee, maji yamenishinda," nikasema.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kabla ya uhuru alikuwa ametunza bwawa la mlowezi mmoja, lililojazwa kwa kisima vilevile. "Usiongeze dawa tena. Tia magadi kidogo, halafu shabu, ile dawa ya kukusanya uchafu, koroga, uzime pampu. Acha maji itulie siku mbili. Kutu itakaa chini yenyewe. Hapo ndipo tunainyonya na mpira polepole, tunaimwaga kwa nyasi. Hayo madoa utasugua na ndimu."

Nikamshukuru, nikainuka. Nilikuwa nimepata nilichofuata, au nilidhani hivyo. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Mwalimu, maji tutasafisha pamoja. Lakini jina langu huko shuleni nani atasafisha?"

Hakuipandisha sauti. Mkewe aliacha kupukuchua. Niliketi tena, nikamwambia mama yule kila kitu, nikianzia kwenye ndoo niliyokataa kuijaribu.

Jumapili baada ya ibada nilienda kwa nyumba ya mwalimu mkuu, nikasema mlangoni kabla hajanikaribisha ndani: "Madam, Mzee Njoroge alinionya. Mimi nilikataa kumsikia, halafu nikamsingizia."

Alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake. "Maji nitasamehe," akasema. "Hilo la pili utalisema mbele ya wafanyakazi wote."

Nililisema Jumatatu, mbele ya wapishi, walimu na walinzi, Mzee Njoroge akiwa amesimama mlangoni. Nilipewa barua ya onyo, Mzee akarudishwa kwenye pampu, na kazi ya bwawa akapewa yeye, mimi nikiwa msaidizi. Mashindano yalihamishiwa shule nyingine. Wasichana wetu waliogelea ugenini, na baadhi yao hawakunisalimia mpaka muhula ukaisha. Sikuwalaumu.

Bwawa tulilisafisha jinsi alivyosema. Nilisugua vigae kwa ndimu mpaka vidole vikachubuka. Tulipojaza tena, maji ya kisima tuliyapitisha kwanza juu ya mawe yapigwe na hewa, kisha kwenye pipa la mchanga, na ndoo ya kujaribia ikawa ndiyo kazi ya kwanza.

Sasa nisikilize, mwanangu. Usione haya kusema hujui. Haya hiyo hupita kwa siku moja. Anayekuonya, msikilize neno lake kabla hujaangalia cheo chake. Ukikosea, sema mapema, na sema kwa mdomo wako mwenyewe, hasa kama mwingine ameshaanza kubeba mzigo wako. Na ukienda kuomba msamaha, usiuombe pembeni kwa kosa ulilolifanya hadharani.

Mungu akupe kazi ya kuipenda na watu wa kukwambia ukweli ndani yake. Akupe moyo wa kuwasikia. Na jina lako, popote utakapofanya kazi, litajwe kwa wema hata ukiwa hupo.