Nyumba Iliyochimbwa Kuwakwepa Wamaasai

Mwezi uliopita nilipanda Ganako, kijijini kwetu juu ya Karatu, kuitafuta nyumba ya bibi yangu, nikakuta shimo. Pale walipokuwa wakilala ng'ombe pameota mgomba. Mjukuu wangu aliyenisindikiza, mtoto wa mjini huyo, akaniuliza, "Bibi, hivi sisi ni kabila gani hasa?" Nikacheka mpaka nikatafuta pa kukaa. Kabla sijamaliza kucheka yeye kesharudi kwenye simu yake, kwa hiyo nakusimulia wewe.

Nyumba ile, rafiki yangu, ilichimbwa ubavuni mwa kilima. Paa lake lilikuwa udongo uliotandazwa juu ya boriti, majani yakaota, mbuzi wakawa wanakula juu ya vichwa vyetu. Ukija kwa juu huoni nyumba, unaona kilima tu. Sisi Wairaqw tulijenga hivyo tangu zamani, ili vijana wa Kimaasai wakija kuteka ng'ombe wapite bila kutuona. Ndani tulilala na mifugo, moshi unatoka unapojua wenyewe, na harufu ya samadi na maziwa ya mgando imekolea hata kwenye nywele. Watoto tulikuwa na katazo moja kubwa: usimwonyeshe Mmaasai mlango.

Basi ukaja mwaka wa Uhuru. Mwalimu wetu, mtu wa Kilimanjaro, suruali imenyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa kuigusa, aliandika ubaoni: Mimi ni Mtanganyika. Tukakariri kwa kelele. Nilipofika nyumbani nikamtangazia bibi kwamba mambo ya Uiraqw yamekwisha, sasa yeye ni Mtanganyika. Bibi alikuwa anasaga mtama kwenye jiwe lake, wala hakusimama.

"Huyo Mtanganyika," akaniuliza, "ana ng'ombe wangapi?"

Darasani tulikuwa na msichana mmoja tu wa Kimaasai. Watu wake walikuwa wamehamishwa kutoka Serengeti wakaletwa Ngorongoro, na baba yake, kwa sababu alizozijua mwenyewe, akamshusha Karatu asome. Alikuwa akilala kwa mwenye duka mmoja mjini. Mwenye duka akahama, mtoto akabaki hana pa kulala, na nyumba mbili zikamkataa. Mwalimu akasema asipopata mwenyeji kufikia Ijumaa, itabidi arudi kwao. Msichana akaninong'oneza kwamba akirudi hashuki tena, maana dada zake wote wa rika la kusoma walikuwa wameshaolewa. Tulikaa dawati moja. Yeye alinifundisha kupiga mluzi, mimi nikamfundisha hesabu za kugawanya. Nilimpenda mno.

Ijumaa nikampeleka nyumbani bila kumwomba mtu ruhusa. Tulikuja kwa juu. Akasimama, akatazama huku na huku.

"Kwenu wapi sasa?"

"Umesimama juu yake," nikamwambia.

Akacheka, akaruka chini, nami kwa mkono wangu mwenyewe nikamwonyesha mlango.

Baba alikuwa ndani, ametoka shamba. Alipoona yale masikio yaliyotobolewa na shanga zake, aliinuka. Baba mdogo wake alikufa kwa mkuki wa Kimaasai. Hadithi hiyo tuliijua kabla hatujajua kuhesabu. "Nani amemleta huyu mlangoni kwangu?" Nikarudi nyuma hatua moja.

Msichana alimpita baba, akaenda mpaka kwenye jiwe la kusagia, akainamisha kichwa mbele ya bibi. Nilidhani analia. Sikujua kwamba kwao mtoto humwamkia mkubwa hivyo, akainama na kungoja aguswe kichwa. Asipoguswa, ndiyo basi, hajapokelewa.

Jiwe likanyamaza. Mkono wa bibi, mweupe kwa unga, ukapanda polepole, ukatua juu ya nywele za yule mtoto.

"Takwenya," bibi akasema.

"Iko!" mtoto akaitikia papo hapo, kama amesalimiwa na mama yake.

Baba akamgeukia bibi. "Mama, hiyo salamu ya Kimaasai umejifunza wapi?"

"Sikujifunza. Nilizaliwa nayo."

Mungu wangu! Akaanza kusema pale pale, mkono hajauondoa. Alizaliwa Mmaasai. Sotoka, ule ugonjwa wa mifugo, ilipoua ng'ombe wote wa Wamaasai, watu wakafa njaa, na mama yake akateremka naye mgongoni kupitia msituni, akamwacha kwa watu wa nyumba hii, na mama huyo akapewa vibuyu viwili vya mtama akawalishe wadogo waliobaki. Mama hakurudi. Baadaye vijana wa kwao walipokuja tena kuteka ng'ombe, bibi alikuwa humu ndani, kazibwa mdomo kwa kiganja cha yule aliyemlea. "Nikawa nasikia lugha yangu inapita juu ya paa," akasema, "nami nataka na sitaki wanione."

Nilimtazama bibi yangu, mwenye sketi ya ngozi iliyoshonwa shanga kama wanawake wote wa Kiiraqw, aliyekuwa akitutisha kwa Wamaasai tukikataa kula, nikaona kama nimeonyeshwa mlima niliokuwa nikiishi juu yake bila kuuona. Baba aliketi.

"Mtoto atalala kwenye ngozi yangu," bibi akasema, akaendelea kusaga.

Alilala hapo miaka mitatu, mpaka alipomaliza shule. Lakini Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile mwalimu alishika daftari lake akauliza msichana amepata mwenyeji wa kabila gani. Nikasimama. Nikafikiria, nikaona kila jibu lina uongo ndani yake.

"Mtanganyika, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaandika hivyo hivyo.

Siku hizi Ganako ni bati na matofali, nyumba zinaonekana toka barabarani, na hakuna anayejificha. Nafurahi. Lakini jiwe la bibi sijui nani alilichukua, na hata Tanganyika yenyewe ilibadilishwa jina kabla sijamaliza kujivunia. Nilimwita mjukuu wangu pale shimoni, nikamwambia aweke simu mfukoni ainamishe kichwa. Aliguna, lakini akainama.