Vidonge Vilivyosingiziwa

Kwenye mgahawa mmoja hapa Karatu, dereva wa watalii alidondosha vidonge viwili vya utamu, vile vya badala ya sukari, kwenye chai ya maziwa, akavikodolea macho.

“Wanaosema hivi vina madhara hawajakosea,” alilalamika. “Sukari nimeacha kabisa, na bado kipimo cha sukari mwilini hakishuki.”

Mama muuza chai aliacha kumimina. “Jamani baba! Sukari si naitia humo humo sufuriani?”

Benchi zima tulicheka, naye akacheka huku akisukuma kikombe pembeni.

Kuhusu madhara ya vidonge, wataalamu waendelee kubishana. Asubuhi ile vilisingiziwa.

Jana nilikuta chupa ya pili mezani, imefungwa kitenge shingoni: chai isiyo na sukari. Nikaiomba. Mama akaitikisa, tupu.

“Hii siku hizi ndiyo inatangulia kuisha.”