Siku Tuliyochagua Matembezi ya Kuwaona Taa

Namsifu Mwenyezi Mungu kwa alichonipa nikakijua, na kwa alichonipa nisikijue mpaka aliponichukulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo, nasimulia.

Nyumbani kwetu hakuna jambo lililowahi kupita bila kubishaniwa. Mke wangu alibisha kwa sababu alipenda kubisha, kama wengine wanavyopenda kuimba. Mimi nilibisha kwa sababu ya kazi yangu. Nilisomesha madrasa Msambweni kwa miaka mingi, na hata baada ya watoto kutuleta Texas niliendelea kusomesha, kwenye gereji ya nyumba ya kijana wetu huko Arlington, juu ya zulia, gari likiwa limeegeshwa nje. Mtu aliyezoea kusomesha hawezi kuacha kosa lipite. Nikimwona mtoto mchanga amefungwa uzi mweusi mkononi, lazima niseme. Nikisikia mtu anasema nambari fulani ina bahati, lazima niseme. Watoto wangu walikuwa wakinitania: "Baba, hata tukipiga chafya unatutolea hukumu." Na mke wangu, ambaye tangu tuoane hakuniita jina lingine ila Maalim, alikuwa akiwaambia, "Mwacheni. Siku akinyamaza ndiyo tutakuwa na shida."

Mwaka wa 2019 Ramadhani ilimshinda njiani. Alifunga siku za mwanzo, kisha maumivu ya tumbo yakamzidi, akaamriwa ale. Lilimuudhi sana jambo hilo. Hakuwahi kubakiwa na deni la saumu bila kulilipa kabla ya mwaka kwisha. Akajipangia kuzilipa siku zake Desemba, kwa sababu Desemba ya Texas, alisema, jua linazama kabla hujakumbuka kuwa una njaa.

Binti yetu ni muuguzi Houston. Yeye ndiye aliyetutafutia daktari huko, na kiangazi kile tuliijua barabara ya kutoka Arlington hadi Houston kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Vipimo vilipotoka, daktari alimpigia mkalimani wa simu na kumuuliza mke wangu: unataka nikueleze wewe mwenyewe, au nimweleze mtu wa nyumbani kwako? Mke wangu akacheka. "Mwelezeni binti yangu. Yeye ndiye mwenye Kiingereza na ndiye mwenye masomo."

Basi akaelezwa binti yetu, na yeye akatueleza mimi na ndugu yake tukiwa tumeketi ndani ya gari, katika maegesho ya hospitali, injini inaunguruma kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Dawa zingeweza kuichelewesha tu.

Kwetu mgonjwa hapewi habari kama hiyo mkononi. Jamaa huipokea, wakaibeba wao, naye akaachiwa matumaini yake. Ndivyo walivyofanyiwa mama yangu na baba wa mke wangu. Binti yetu alisema, "Baba, mimi namjua Mama. Nikimwambia, atalala na hatainuka." Kijana wetu akakubali, nami nikakubali. Tukarudi ndani tukamwambia ni uvimbe, na kwamba dawa ni kali lakini zitautibu. Akasema inshallah, akauliza kama dawa hizo zitakuwa zimekwisha kabla ya Desemba.

Wazo la meli lilikuwa la binti yetu. Mke wangu alizaliwa hatua chache kutoka baharini, na tangu tuje Amerika alikuwa ameiona bahari mara moja tu, pale Galveston, ambako maji yana rangi ya chai ya maziwa. Alisimama ukingoni akauliza, "Hii ni bahari, au ni mto uliopotea?" Meli za matembezi huondoka hapohapo Galveston, zikaenda mpaka visiwa vya Karibi, kwenye maji unayoona vidole vyako vya miguu. Tungeondoka mwanzoni mwa Desemba, sote wa nyumba ile. Mke wangu alikubali kwa sharti moja tu, kwamba safari isimwingilie siku zake za kulipa.

Jumapili moja ya Oktoba, baada ya chakula cha mchana, binti yetu akaweka kompyuta mezani kati ya sahani ya mahamri na birika la chai.

"Haya, Mama. Meli ikifika visiwa vya Kayman, kila mtu anashuka na kwenda kwenye matembezi aliyoyachagua. Kuna shamba la kasa. Kuna boti yenye sakafu ya kioo, unakaa tu unaangalia samaki. Kuna kiwanda cha pombe..."

"Hapo mpelekeni Maalim," mke wangu akasema. "Akawasomee walevi."

Kijana wetu alicheka mpaka chai ikampalia.

"Na hii je?" mjukuu wetu, mtoto wa kijana wetu, akauliza kwa Kiingereza, akionyesha picha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na Kiswahili alikielewa chote lakini hakujibu kwacho.

Picha ilionyesha maji ya kiunoni, mbali na nchi kavu, meupe kama glasi iliyooshwa. Watu walikuwa wamesimama humo, na miguuni mwao walizunguka samaki wapana, bapa, wenye mikia kama mijeledi. Mwanamke mmoja alikuwa amempakata mmoja kifuani kama mtoto mchanga.

"Lo!" mke wangu akasema. "Huyo si taa?"

"Ndiye, Mama."

"Wanamfanya nini?"

"Wanacheza naye. Unaingia majini, unamlisha vipande vya ngisi, unampapasa. Ukitaka unambusu."

"Unambusu taa!" Akaivuta kompyuta karibu. "Sisi tukimla ng'onda, aliyekaushwa juani, kwa tui la nazi, hawa wanalipa wambusu. Hawana waume hawa?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Na ule mwiba wa mkiani? Mjomba wangu alichomwa nao wayoni, mwanamume mzima na ndevu zake, akalia kama aliyeachishwa ziwa."

"Hawa wamewazoea watu," binti yetu akasema.

Mjukuu alikuwa anaendelea kusoma maandishi yaliyokuwa chini ya picha. Akasema, na shangazi yake akamfasiria bibi kabla hajafikiri: "Anasema ukimbusu taa unapata bahati ya miaka saba."

Kijana wetu akatazama ndani ya kikombe chake. Binti yetu aliuacha mkono wake juu ya kompyuta, hakubonyeza kitu wala hakuuondoa.

"Miaka saba," mke wangu akarudia polepole.

Kisha akanitazama. Hapo palikuwa pangu. Mtu ametaja bahati ya samaki katika nyumba ya Maalim. Ilipasa niweke kikombe chini, nisafishe koo, nieleze kwamba heri na shari havimo katika mdomo wa taa. Alikuwa ananingoja, na nadhani alikuwa tayari ameandaa la kunijibu. Nikashindwa. Sikupata ulimi wa kumnyang'anya miaka saba, hata ile ya uongo.

"Nataka hii," akasema.

"Sawa, Mama," binti yetu akajibu.

"Nitavaa nini?"

"Kuna nguo za kuogelea za kufunika mwili wote mpaka kichwani. Nitakununulia."

"Na wanaume watakuwamo majini?"

"Watakuwamo."

Akageukia kwangu tena. "Maalim?"

"Sawa," nikasema.

"Ni ghali kuliko ile boti ya kioo."

"Haidhuru, Mama," kijana wetu akasema, yeye ambaye alikuwa akifanya zamu za ziada kwenye ghala huko Grand Prairie na kutulalamikia hata bili ya umeme.

"Na nikitaka twende mimi na Maalim peke yetu, ninyi mbaki melini?"

"Sawa tu."

"Sawa, sawa, sawa," mke wangu akasema. "Nyumba nzima leo imekuwa sawa." Akasukuma kiti nyuma, akasema wakati wa alasiri umefika.

Tulisali chumbani kwetu, yeye akiwa amekaa kitini kwa sababu ya tumbo. Nilipotoa salamu sikumsikia akinyanyuka. Nikageuka.

"Maalim, nina swali."

"Uliza, mke wangu."

"Si la hospitali. La hospitali wanangu wananijibu vizuri sana. Hili ni la dini." Akavuta buibui lake magotini. "Hizi siku za Ramadhani ninazodaiwa. Mimi ni wa kuzilipa, au ni wa kutoa kibaba?"

Niwaeleze wasiojua. Mgonjwa anayetarajiwa kupona husubiri, na akipona hufunga siku zake alizokula. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hafungi tena. Kwa kila siku hutoa kibaba cha chakula, akampa maskini. Mke wangu aliijua hukumu hii kama mimi. Miaka yote ya Msambweni alipika huku akisikiliza darasa zangu kupitia ukutani, na mara nyingine alinisahihisha usiku. Hakuwa anauliza hukumu. Alikuwa anauliza yeye ni yupi kati ya wagonjwa hao wawili.

Na alikuwa ameuliza mahali ambapo sikuwa na njia ya kupita. Watoto waliniomba nisiseme neno la daktari, na neno la daktari nilikuwa nimelinyamazia. Lakini ningemwambia lipa, angeingojea Desemba na afya ambayo haiji, akafa na fatwa ya uongo iliyotoka kinywani mwangu. Hilo hakuna mtoto awezaye kuniomba.

"Toa kibaba," nikasema.

Jikoni kijana wetu alikuwa ameanza kuosha vyombo, na maji yalisikika.

"Alhamdulillahi," akasema mwishoni. Kisha: "Tangu lini?"

"Tangu Agosti."

"Na wote wanajua?"

"Wakubwa wanajua."

"Ndiyo maana hakuna aliyenibishia." Akaitazama mikono yake. "Lakini wewe ndiye uliyeniambia, Maalim. Uliponyamazia ile bahati ya taa, nikasema moyoni, huyu si mume wangu, huyu ni mtu aliyekaa matangani."

Nilimshika mkono, akauacha ushikwe.

Baadaye alitoka sebuleni, akamwambia binti yetu, "Weka hiyo ya taa, umalize. Ila kumbusu simbusu. Na kesho tafuteni mchele mzuri, nina vibaba vya kutoa." Binti yetu alinitazama mimi kwanza, kisha mama yake, akaelewa. Alikwenda kusimama jikoni, uso wake ukiwa umeelekea jokofu.

Ningependa kuandika kwamba ukweli ulimpa nafuu. Vitabu vyangu vinaniambia kwamba mja akijua, hujitayarisha, na kweli alijitayarisha. Aliwapigia simu Msambweni jamaa na majirani, mmoja mmoja, akiomba radhi, hata kwa mwanamke mmoja waliyenuniana naye juu ya kuku. Kijana wetu alipeleka mchele wa vibaba Mesquite, kwa familia za Wakongo na Warundi waliokuwa wamefika karibuni na hawajapata kazi bado. Yote yalifanyika kama yanavyopaswa. Lakini binti yetu pia alikuwa amesema kweli pale garini. Baada ya siku ile mama yake alilala. Alikuwa akila kidogo, akawa hali. Alikuwa akibisha, akaacha. Nilimtupia maneno ya makusudi, makosa ambayo zamani asingeyaacha, nikasema chumvi imezidi ilhali haikutiwa kabisa. Akaniambia, "Ndiyo, imezidi."

Mwishoni mwa Novemba tulishuka tena Houston. Hatukwenda bandarini. Meli iliondoka Galveston na vyumba vyetu vitupu, nasi tulikuwa katika chumba cha hospitali chenye dirisha linaloangalia maegesho ya ghorofa. Kuighairi safari hakukumjia mtu akilini.

Asubuhi moja simu ya binti yetu ililia juu ya shuka. Mke wangu akafumbua macho, akauliza nani. Binti yetu alitazama, na nikaona anavyotafuta kitu kingine cha kusema. Kisha akamsomea ujumbe wa watu wa meli kama ulivyo, kwa Kiswahili: leo ndiyo siku ya matembezi yenu ya kuwaona taa, mkutane kwenye ngazi ya meli, mje na taulo, na msivae vito.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Wajibu," akasema. "Waambie waende, wasitungoje."

Binti yetu akaandika. Sijui kama kule upande wa pili kulikuwa na mtu wa kusoma. Siku chache baadaye Mwenyezi Mungu akamchukua mja wake, nasi tukamzika katika ardhi ya Texas, mbali na bahari ya aina yoyote.

Nayaandika haya mwaka wa 2020. Misikiti imefungwa kwa ajili ya maradhi haya mapya, na gereji yangu haina wanafunzi, gari limerudi ndani. Nasali peke yangu. Namshukuru Mungu kwa miaka aliyotupa, na subira naiomba kila siku, kwa maana ya jana hainitoshi leo. Sijaona bado mahali ambapo huzuni hii inakwisha, wala sitamdanganya mtu kwamba nimepaona.

Wewe uliyenisoma, Mungu akuhifadhie unaobishana nao mezani. Akupe afya ya kulipa madeni yako ya ibada mwenyewe, na ikiwa imeandikwa vingine, akujaalie mtu wa kukujibu kweli na mkono wa kuushika anapokujibu. Amina.