Namna Mama Kavuo Alivyopika Carte Mbili

Bulengera nzima, huku kwetu Butembo, inamjua Mama Kavuo, na nusu ya Bulengera imekwisha kugombana naye. Si mtu mbaya, hapana. Ni kwamba hanunui kitu kabla hajakionja, na wauzaji hawapendi mtu wa namna hiyo. Miaka kumi na sita alifanya biashara ya viazi vya Kipese. Alikuwa anapanda mlima mpaka huko na mbabula yake ndogo ya makaa na sufuria, anachagua viazi vitatu, kimoja juu ya gunia, kimoja katikati, kimoja chini kabisa, anavipika hapo hapo mbele ya mwenye shamba. Vikiiva vizuri, analipa. Vikiwa na maji, anafunga sufuria yake, anasema wasingya, yaani asante, anaenda kwa jirani. Wakulima walimnunia, lakini sokoni Butembo magunia yake ndiyo yalikuwa ya kwanza kuisha.

Halafu magoti yakaikataa ile barabara. Akaacha viazi, akafungua salle ya jeux, chumba cha michezo ya video.

Ndiyo, salle ya jeux! Mama wa miaka makumi tano na mbili, kiongozi wa akina mama wa parokia, asiyejua hata kushika manette ya kuchezea. Watu walicheka mpaka machozi. Yeye alikuwa ameona kitu kimoja tu: kijana wa Butembo anaweza kukosa chakula, lakini mpira hakosi. Akanunua ordinateur moja, yaani kompyuta, televisheni moja pana, benchi sita, panneau ya jua juu ya bati na batterie mbili. Wawili wanacheza mpira kwenye écran ya televisheni, wengine wanalipa kiti ili kuangalia na kupiga kelele. Na niwaambie ukweli, zile kelele alizipenda kuliko pesa. Tangu mume wake afariki na watoto wote wawe na nyumba zao, ukimya ulikuwa unamuumiza. Penye vijana makumi tatu wanagombana juu ya kona na offside, mjane hana nafasi ya kulia.

Miaka mitatu mambo yalienda. Kisha ukaja mchezo mpya wa mpira, na carte graphique ya ile mashini, yaani kile kipande cha ndani kinachochora picha za écran, ikashindwa. Mtu anapiga penalti, picha inasimama tuli. Ikirudi, golikipa amekwisha kudaka na mpira uko upande wa pili. Vijana wakaanza kuhamia salle mpya ya avenue ya pili, mmoja mmoja, wakimsalimia kwa aibu wakipita mlangoni. Benchi zikashika vumbi.

Hapo ndipo alipokuja Zacharie, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, muuza simenti na mwenye hicho chumba. Mfukoni alikuwa na mètre ya kupimia.

— Shemeji, mi hapana mutu mubaya. Mais lakini chumba yenye haizai, iko na faida gani? Siku ya mashindano ya parokia, bale bachezaji ba Beni bakikuya hapa na chumba ikijaa, sawa, baki nayo. Ikikosa kujaa, lundi, kesho yake tu, naingiza simenti.

— Simenti? Humu?

— Humu humu.

Mama Kavuo alimpa chai, akamsindikiza mpaka njiani kwa heshima zote, akarudi, akakaa kwenye benchi tupu. Aliogopa. Akiba yake ilitosha carte moja tu, na akikosea hiyo moja, basi.

Kesho yake Phinées akafika. Phinées ni yule anayeleta vyombo vya ordinateur vilivyotumika kutoka Kampala, anapita navyo mpakani Kasindi, na anazungusha begi lake mlango kwa mlango.

— Kizuri chajiuza, Phinées, kibaya chajitembeza, alisema Mama Kavuo. Na weye uko unatembea tangu asubui.

— Ah, Mama! Kwanza ona, kisha utukane.

Akatoa carte mbili. Moja wanaiita 970, kubwa, yenye mapanka mawili. Nyingine 1050 Ti, fupi, panka moja. Zote mbili za zamani, zote mbili dola makumi nane. Mama Kavuo akaweka moja kila mkono, akazipima kama viazi.

— Hii 970 iko na nyama, alisema. Kisha akasoma tena namba, akaendelea: Mais hii ingine iko elfu moja na makumi tano. Elfu inapita mia tisa. Sasa mukono inasema hii, macho inasema ile!

Mtu akacheka nyuma yake. Alikuwa Mwalimu Ngalula, mwanamke wa Kasaï aliyetumwa Butembo kufundisha hesabu. Kila jioni, akimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, anakuja hapo kucheza, na anawafunga vijana bila huruma.

— Mama, namba hapana nguvu, alisema. Carte ziko na mafamilia. 970 ni kati ya bakubwa mu familia ya zamani. 1050 Ti ni kati ya batoto mu familia yenye ilifwata. Mukubwa wa zamani anapita mutoto wa sasa mbio. Chukua 970, funga macho.

— Mwalimu, mi sokoni sijafunga macho ata siku moja. Phinées, acha zote mbili mpaka samedi, siku moja kabla ya mashindano. Nitazipika.

— Mama! Carte hapana kiazi!

— Kiazi ni bei kidogo na ninakipika. Hii ya dola makumi nane ndiyo nisipike?

Phinées akakuna kichwa, akachukua bei ya carte moja kama amana, akaziacha zote mbili.

Siku ya alhamisi wakaanza. Courant ya mji, yaani umeme, ilikuwapo. Ngalula akafungua mashini, akaingiza 970, akaiunga na nyaya zake mbili za courant, akacheza mechi nzima huku akiangalia namba ndogo kwenye kona ya écran. Akaandika katika daftari: picha tisini kwa sekunde. Akaitoa, akaweka 1050 Ti, ambayo haikuomba hata waya mmoja wa ziada, akacheza mechi ile ile. Picha hamsini na nane. Hiyo pia haikukwama, lakini kwa 970 majani ya uwanja ungeweza kuyahesabu.

— Unaona, Mama? Ni bei moja, na nguvu inapita mbali. Donc hesabu imeisha.

Phinées, aliyekuja kulinda mali yake, alikuwa tayari anairudisha 1050 Ti kwenye begi.

— Ngoja kwanza, alisema Mama Kavuo. Hiki ni kiazi cha juu ya gunia. Cha chini tuko bado kukipika.

Akainuka, magoti yakilia, akaenda ukutani, akakata courant ya mji. Sasa mashini na televisheni vilikuwa vinakula kwenye batterie peke yake.

— Kwani hapa Bulengera tuko na courant siku ngapi? Cheza sasa, Mwalimu.

Wakacheza na 970. Mechi ya kwanza, raha. Ya pili, raha. Ya tatu, kipindi cha pili, Ngalula amebaki yeye na golikipa, convertisseur, ile inayogeuza nguvu ya batterie kuwa courant, ikalia piii! na giza likaingia kwenye écran. Mwalimu mzima alipiga benchi teke na kusema neno la Kilingala ambalo sitalirudia hapa.

Siku ya ijumaa jua likajaza batterie, wakairudia kazi na 1050 Ti. Mechi tatu. Nne. Tano. Ya sita ndiyo iliyokatika, nayo katikati. Ngalula akagawanya, akazidisha, akaifuta hesabu, akairudia.

— Mais mbio, Mama, ile kubwa...

— Sikatai mbio yake. Lori ya nguvu yenye inamaliza mazout katikati ya njia, na lori kidogo yenye inafika soko. Biazi yako utapakia mu lori gani?

Mwalimu akafunga daftari. Na tusimwonee: kwa mtu mwenye courant usiku na mchana, neno lake lilikuwa la kweli kabisa. Phinées akaondoka na 970, akaiuza wiki hiyo hiyo kwa mtu mwenye groupe kubwa, yaani jenereta, na kila mtu akafurahi.

Siku ya yenga, jumapili, baada ya misa ya pili, wachezaji wa Beni wakafika na pikipiki, wakiongozwa na mmoja anayeitwa Jephté, mdomo mtamu, nywele zimechongwa. Wakasema mapema kwamba saa tisa kamili wanaondoka, maana barabara ya Beni hairudiwi jioni. Jephté akaangalia écran.

— Kwetu Beni picha iko safi kupita hii.

Mama Kavuo akahesabu vichwa. Chumba kilikuwa nusu tu. Wengi walikuwa kwenye salle mpya ya avenue ya pili, yenye picha kali. Na Zacharie alikuwa amekwisha kuja. Alikuwa anapima ukuta kwa mètre yake huku mechi inaendelea, akiwaambia watu wainamishe vichwa.

Mechi ya pili ilikuwa imeanza tu, courant ikaenda.

Nje avenue nzima ikasema “aaah!” Muziki wa nganda, ile baa ya jirani, ukakatika. Kwa kinyozi, mteja alitoka na kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Lakini kwa Mama Kavuo écran ilipepesa mara moja tu, na mpira ukaendelea. Haikupita dakika kumi, watu wa ile salle yenye picha kali wakaanza kumiminika. Benchi zikajaa, dirisha likajaa, mlango ukajaa. Yule wa nusu kichwa akalipa kiti naye.

Finali: Ngalula na Jephté. Sare. Wakaongeza muda. Sare tena! Penalti. Saa tisa kasoro robo. Mama Kavuo alikuwa ameweka mkono mmoja kwenye convertisseur na mwingine kwenye rozari. Jephté akapiga ya mwisho, golikipa akadaka. Akaja Ngalula. Mama Kavuo akafunga macho, yeye asiyeyafunga hata sokoni, akingoja ile picha isimame.

Haikusimama.

Kelele za goli zilisikika mpaka parokiani. Alipofungua macho, aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote alikuwa juu ya benchi na viatu vyake vya misa: Shemeji Zacharie. Mètre ilikuwa imeanguka huko chini ya miguu ya watu.

Watu walipopungua, Zacharie akateremka, akaitafuta mètre yake, akaikunja, akakohoa.

— Shemeji. Nimepima.

— Na?

— Hii chumba ni kidogo. Simenti haiwezi kuenea.

Magunia mia nne yangeingia humo na nafasi ya kupita ingebaki. Kila mtu wa Butembo angeliona hilo bila mètre. Mama Kavuo akamwangalia. Machozi yalikuwa karibu, lakini hakuyapa ruhusa. Akanyoosha kiganja.

— Wasingya, Shemeji. Sasa lipa kiti. Weye ulikisimamia na viatu, mais ulikitumia.

Zacharie akalipa, akakaa, akauliza zamu inayofuata ni ya nani.