Ruhusa za Marehemu

Mume wangu alifia Kerege. Lori lilimgonga akirudi nyumbani kwa pikipiki. Tulikuwa kazi moja, jumba la kompyuta jijini Dar es Salaam: yeye akizitunza mashine, mimi nikiziandikia sheria. Zamani mipaka ya kila mashine iliwekwa kwa mkono, waya kwa waya. Siku hizi unaandika mahali pamoja nani aongee na nani, na mtandao wenyewe unatekeleza. Asiyeandikiwa ruhusa hasikilizwi. Mashine ya mishahara haiitikii salamu ya yeyote isipokuwa ya uhasibu. Mume wangu alinitania kwamba kaoa bawabu asiye na huruma, ndiyo maana wageni wetu hawarudi mara ya pili.

Nikakaa eda kwa mama mkwe, Bagamoyo. Huko nako kulikuwa na sheria za nani aje kuniona, na mwandishi wake hakuwa mimi. Ofisini walinikubalia nifanyie kazi chumbani, nikashukuru, maana waliokuja kunipa pole walinichosha. Kila aliyesema kazi ya Mungu haina makosa nilitamani kumtoa nje na viatu vyake.

Mwezi wa pili wa eda bosi alipiga simu, sauti imejaa kubembeleza. Ruhusa za marehemu zilikuwa bado hai, na mtu akiipata nywila yake angeingia popote. Zifutwe leo. Mwenye dhamana ya sheria ni mimi.

"Utanisamehe, dada," alisema.

Nilimchukia, ingawa alikuwa na haki.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Alikuja akaketi mkekani kando yangu.

"Unamtoa mwanangu?"

"Namtoa kwenye mashine tu, mama."

"Na humo alikuwa akiingia wapi?"

"Kote. Hakuna mlango uliomkataa."

"Alhamdulillahi," akasema, kana kwamba nimemwambia mtoto amehitimu msahafu.

Kabla ya kukubali badiliko lolote, mtandao hulijaribu kwanza kwa hesabu zake: ukiondoa ruhusa hii, nani atakwama? Nikaliondoa jina lake, nikabonyeza jaribio. Nilikuwa natumaini, kijinga kabisa, kwamba mashine moja tu kule kwenye baridi ya jumba la kompyuta italalamika na kusema inamhitaji. Jibu lilikuja upesi mno.

"Inasemaje?" aliuliza mama mkwe.

Ningeweza kumdanganya. Sikuwa na nguvu hata ya kutunga uongo.

"Inasema akiondoka hakuna atakayeathirika."

Alikitazama kioo cha kompyuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa na wangu, lakini wa kwake niliuogopa. Aliivuta kanga, akajifuta uso.

"Iulize tena," akasema.

Nikaiuliza tena.