Bi Poda na Uso wenye Joto

Jamani, kuna kazi haziombwi, zenyewe ndizo zinazomwomba mtu. Bi Poda hakukua akiota kuwapaka maiti poda. Njaa ilimpeleka mochwari ya hospitali, akajisemea atakaa mwezi mmoja tu huku akitafuta pengine. Mwezi huo ukazaa miaka kumi na mmoja, na jina la Bi Poda akabandikwa na wabeba machela, watu wasio na haya hata kidogo.

Mtaani walijua anafua mashuka ya wagonjwa. Aliyejua ukweli ni dada yake peke yake, waliyechangia naye tumbo. Wengine aliwaficha kwa kuwa aliwajua: wangeacha kumpa mkono, na chai yake wangeikataa huku wakitabasamu.

Kazi yenyewe aliiweza, tena si mchezo. Aliomba ndugu wamletee picha ya marehemu akicheka, si ile ya kitambulisho. Krimu aliisugua viganjani mpaka ipate joto, maana ngozi baridi haishiki kitu. Na muda wote aliongea naye. "Sasa nakugeuza shingo, mama. Vumilia kidogo." Alisema kukaa chumba kimoja na mtu bila kumsemesha ni utovu wa adabu. Akimaliza, aliweka vidole viwili kwenye paji la uso na kusema, "Haya, umependeza. Nenda salama, usigeuke nyuma."

Lakini moyo wake ulikuwa umechoka. Mtu anahangaika miaka sitini, anapenda, anagombana, anasomesha watoto, halafu siku anayopambwa vizuri kuliko zote hajioni! Bi Poda alitaka kitu kimoja tu kabla hajazeeka: apambe uso utakaojitazama kwenye kioo. Tena atoke kwenye chumba kile kisicho na dirisha.

Dada mtu akahangaika, akampatia nafasi saluni. Mwenye saluni, mwanamke wa maneno machache, akamwambia, "Jumamosi nakupa bibi harusi mmoja. Akitoka hapa anameremeta, Jumatatu unaanza kazi."

Bibi harusi alikuja na mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki. Bi Poda akamgusa shavu. Mama yangu! Shavu lilikuwa la moto, likasogea, likaona haya.

"Anti, unanitekenya," binti akacheka.

Bi Poda nusura alie. Alipaka, akafuta, akachora wanja kwa mkono uliotulia tuli. Binti akiuliza, anajibiwa. Akipiga chafya, wanaanza upya. Mwenye saluni alisimama nyuma yao amekunja mikono, na baada ya muda akaanza kutikisa kichwa kukubali.

Ila mazoea yana taabu. Kazi ilipokamilika furaha ilimlevya, na vile vidole viwili vikaenda vyenyewe kwenye paji la binti. "Haya, umependeza. Nenda salama, usigeuke nyuma."

Mama mdogo akaangusha kikombe. "Umesemaje?"

Bi Poda akavirudisha vidole, lakini mama mdogo alikuwa ameshasimama.

"Maneno hayo nimeyasikia mochwari, miaka mitatu iliyopita, nimesimama miguuni kwa dada yangu. Ni wewe!"

Angeweza kukana. Uongo alikuwa nao mwingi, wa miaka kumi na mmoja. Lakini binti alikuwa anamtazama kwenye kioo, na ulimi ukakataa. "Ni mimi," alisema.

"Mikono ya maiti kwenye uso wa mwanangu, siku ya harusi yake! Leteni maji! Leteni sabuni!" Mwenye saluni akakimbilia beseni mwenyewe.

"Mama mdogo, ngoja kwanza," binti alisema, macho bado kwenye kioo. "Anti, wewe ndiye uliyempamba mama?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Ugonjwa ulikuwa umemmaliza mashavu. Lakini siku ile nilikiona kile kishimo chake cha shavuni."

"Nilikiona kwenye picha. Nikakitafuta asubuhi nzima."

Binti alilia, wanja ukatiririka. "Asante," alisema kwa sauti ndogo. Nje gari lilikuwa linapiga honi, mama mdogo ameshika taulo, na hao ndio watu ambao binti angeendelea kuishi nao. Akafumba macho, akauinamisha uso kwenye beseni.

Bi Poda alisimama ukutani akitazama. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kunawa kazi yake. Iliuma, usiambiwe! Mwenye saluni hakumfukuza kwa maneno. Alimpa mkoba wake tu, ameushika kwa ncha za vidole.

Jumatatu alikuwa mochwari. "Bi Poda, wenye pumzi wamekushinda?" wabeba machela wakamtania.

"Nipisheni huko, midomo kama tarumbeta," akawajibu, akaingia.

Mezani alilala bibi mmoja mwenye mvi. Bi Poda akamwekea kiganja shavuni. Shavu halikusogea, halikuuliza, halikukataa. Mabega ya Bi Poda yakashuka yenyewe, akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Ndipo akaushtukia huo utulivu, akauondoa mkono haraka. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kuogopa maiti hata mmoja, na hata sasa hakumwogopa bibi yule. Alijiogopa mwenyewe, kwa kuwa amejisikia yuko nyumbani.